Chanzo cha priklampsia kinajulikana au hakijulikani?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji ujauzito ukiwa na wiki 31, baada ya presha kupanda hadi 170/115 na vipimo kuonyesha protini nyingi kwenye mkojo. Tunashukuru, mama na mtoto wote wazima. Tulipouliza chanzo tukajibiwa hakijulikani. Nyumbani wengine wanasema alizidisha chumvi, wengine wanasema ni mawazo. Mimi nimesoma kwamba watafiti wameshaipata protini inayoleta ugonjwa huu. Tushike lipi? Na kama chanzo kimepatikana, kwa nini tiba bado ni kumzalisha mtu hata kama mtoto hajakomaa? Anatamani mtoto mwingine lakini anaogopa.

Jibu: Pole sana, dada, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Presha ya 170/115 kwa mjamzito haisubiri kesho. Ikishafika 160/110 mshipa wa ubongo unaweza kupasuka, kwa hiyo waliomwingiza chumba cha upasuaji wiki ile ya 31 walikuwa wanaokoa maisha mawili.

Sasa swali lako. Aliyewajibu kwamba chanzo hakijulikani na makala uliyoisoma hawapishani sana. Ugonjwa huu unaanzia wapi mwilini na unamfikiaje mama, tunajua kwa kiasi kikubwa. Kwa nini umempata mdogo wako na si mjamzito aliyekaa naye benchi moja kliniki, hapo ndipo majibu yamebaki nusunusu. Chumvi na mawazo havimo huku wala kule, nitavigusia baadaye.

Priklampsia tunaitambua pale mjamzito ambaye hakuwa na presha anapopata 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba kiungo fulani kinaumia: figo, ini, ubongo, mapafu, au damu yenyewe kwa kupungua chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Inawapata kati ya wajawazito 2 na 8 katika kila 100. Akianza kupata degedege, ndiyo tunasema kimeshakuwa kifafa cha mimba chenyewe. Watu huiita presha ya mimba na kuishia hapo, ila presha ni ile sehemu ya ugonjwa inayopimika kwa urahisi. Ugonjwa wenyewe uko kwenye ngozi nyembamba inayotanda ndani ya mishipa yote ya damu, na ndiyo maana unaweza kumuumiza mtu kichwani, machoni na kwenye ini siku hiyo hiyo.

Kwamba mzizi uko kwenye kondo la nyuma, ushahidi wake ni wa zamani na ni mzuri. Kuna mimba zabibu, ambayo ndani ya mji wa mimba hakuna mtoto kabisa, kuna tishu ya kondo tu iliyokua ovyo. Mwanamke mwenye mimba hiyo anaweza kupata priklampsia kali, tena mapema kuliko kawaida. Kwa hiyo si mtoto anayeleta ugonjwa. Upande wa pili, kondo likishatoka, ugonjwa huanza kurudi nyuma, wakati mwingine baada ya kuchachamaa kwanza kwa siku chache.

Kondo lina kosa gani? Hapa naomba twende taratibu, maana ndipo penye ufunguo wa mambo mengine yote. Katika ukuta wa mji wa mimba kuna mishipa midogo iliyojipinda kama springi, yenye misuli inayoweza kuibana. Kabla ya mimba inatosha. Mimba ikitunga, chembe za kondo huingia ndani ya ukuta ule, zikaifuata mishipa hiyo, zikavunja misuli yake na kuchukua nafasi ya ngozi yake ya ndani. Mshipa uliokuwa mwembamba unapanuka mdomo, haubani tena, na damu inaingia kwa wingi na kwa utulivu. Kazi hii hufanyika katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Katika miaka ya 1960 na 1970 Ivo Brosens na wenzake, waliokuwa wakichunguza vipande vya ukuta wa mji wa mimba kwa darubini, walionyesha kwamba kwa wanawake wenye priklampsia kazi hiyo huishia njiani: mishipa imebaki myembamba, yenye misuli, mingine imeziba kwa mafuta. Damu inalifikia kondo kwa kasi na kwa kukatikakatika, na kondo linaumia kwa kukosa oksijeni ya kutosha.

Angalia tarehe zake. Hitilafu inatokea kabla ya wiki ya 20, mama akiwa hana dalili hata moja. Presha ya mdogo wako iliyoonekana wiki ya 31 ilikuwa imeshapandwa miezi mitatu au minne nyuma. Hilo lishike, kwa sababu karibu kila dawa ya kinga iliyofeli katika ugonjwa huu ilichelewa au ililenga pasipo, na aspirini, nitakayoieleza mbele, ilifanya kazi ilipoanzishwa mapema.

Lakini kondo liko tumboni, na mgonjwa anaumwa kichwa. Ni nini kinachosafiri? Kwa karibu karne nzima swali hili liliwatesa watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Paul Zweifel alishauita huu ugonjwa wa nadharia, kwa jinsi kila mtu alivyokuwa na yake. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walichapisha hata habari ya mnyoo waliodai kuuona kwenye damu ya wagonjwa, wakaupa na jina, Hydatoxi lualba. Ikaja kubainika kwamba walichokiona ni takataka za maabara, si kiumbe. Nawasimulia wanafunzi kisa hiki kila mara, kwa sababu jarida lililochapisha lilikuwa la heshima.

Protini uliyoisoma ilijitokeza mwaka 2003. Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston walilinganisha kondo za wanawake wenye ugonjwa na wasio nao, wakakuta za wagonjwa zinatengeneza kwa wingi mno protini iitwayo sFlt-1 na kuimwaga kwenye damu ya mama. Ili uelewe ubaya wake, jua kwamba ngozi ya ndani ya mishipa huishi kwa kupokea ujumbe wa protini nyingine mbili, VEGF na PlGF, zinazoiambia ijikarabati na ilegee. sFlt-1 ni kama mtu anayesimama njiani na kupokea barua zisizo zake: zimeandikwa, zimetumwa, lakini mlengwa hazimfikii. Mishipa inakauka, inabana, inaanza kuvuja. Kwenye figo protini inapenya kuingia kwenye mkojo. Kwenye ubongo maji yanatoka nje ya mishipa.

Walipoiongeza protini hiyo kwenye damu ya panya wenye mimba, panya walipata presha, protini kwenye mkojo na figo zenye alama zile zile za priklampsia. Hata panya wasio na mimba walipata presha. Ushahidi mwingine ulikuja kutoka wodi ya saratani. Kuna dawa iitwayo bevacizumab ambayo kazi yake ni kuizuia VEGF ili uvimbe ukose mishipa ya kuulisha, na madhara yake yanayojulikana sana ni kupanda kwa presha na kutoa protini kwenye mkojo, kwa wanaume na kwa wanawake. Yaani ukimnyima mtu yeyote ujumbe ule, mwili wake unaanza kufanana na wa mwenye priklampsia. Mwaka 2004 uchunguzi wa damu iliyokuwa imehifadhiwa ulionyesha sFlt-1 ikipanda wiki kama 5 kabla ya dalili kujitokeza, na PlGF ikiwa chini mapema zaidi. Baadaye ikaongezwa protini ya pili inayotoka kwenye kondo, endoglini iliyoyeyuka kwenye damu, ambayo ikiungana na ya kwanza huleta ule ugonjwa mkali wa ini kuumia na chembe sahani kushuka.

Makala yako basi ilisema kweli. Ila haikukuambia kwamba si kila mgonjwa ana kiwango kikubwa cha sFlt-1. Ugonjwa unaotokea kabla ya wiki ya 34, kama wa mdogo wako, ndio unaofuata picha niliyoichora: kondo bovu, mtoto mdogo kwa umri wake, protini nyingi. Unaotokea wiki ya 38 au 39 mara nyingi hukuta kondo liko sawa au karibu na sawa, na mtoto ana uzito wake. Hapo inaonekana ni moyo na mishipa ya mama vilivyoelemewa na mzigo wa mimba iliyokua, au kondo lililochoka mwishoni. Mimi nauona kama ugonjwa wa milango miwili inayotokea sebule moja, na nadhani tulipoteza miaka mingi kwa kuwachanganya wagonjwa hao katika utafiti mmoja.

Na kwa nini kondo la huyu lijipandikize vibaya? Jibu lililopo liko kwenye kinga ya mwili na kwenye jeni. Nusu ya kondo ni ya baba, kwa hiyo kwa kinga ya mama ni mgeni. Kwenye ukuta wa mji wa mimba kuna chembe maalumu za kinga zinazokutana na chembe za kondo na, tofauti na unavyoweza kudhani, huzisaidia kuingia. Ashley Moffett na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba mchanganyiko fulani wa jeni za kinga za mama na jeni alizorithi mtoto, zikiwemo za baba, huifanya kazi hiyo idorore. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere akaendeleza uchunguzi huo kwa wanawake wa Uganda, akakuta jeni zinazokinga huko si zile zilizoonekana kwa Wazungu, jambo ambalo lingetufikia lini kama damu iliyopimwa ingeendelea kuwa ya Ulaya tupu sijui. Mwaka 2017 utafiti mkubwa wa jeni ulikuta tofauti karibu na jeni inayotengeneza sFlt-1, tena si kwenye jeni za mama bali za mtoto, ambazo ndizo za kondo. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 13, na tangu zamani tulikuwa tumeona kwamba mama aliyebeba mtoto mwenye kromosomu 13 ya ziada hupata priklampsia kwa urahisi.

Baba naye yumo. Kumbukumbu za uzazi za Norwei, zilizochapishwa mwaka 1998, zilionyesha kwamba mwanaume ambaye mimba yake ilipata priklampsia kwa mwanamke mmoja, uwezekano wa kutokea kwa mwanamke mwingine atakayezaa naye ulikaribia mara mbili. Wanaomnyooshea kidole mdogo wako kuhusu chumvi wangesomewa hilo.

Kwa upande wa mama, yapo mambo yanayoongeza uwezekano: mimba ya kwanza, mapacha, umri mkubwa, uzito uliozidi sana, kisukari, presha ya tangu zamani, ugonjwa wa figo, lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), mimba ya yai la kuchangiwa, na zaidi ya yote kuwahi kuupata. Lakini wengi wanaougua hawana hata moja zaidi ya kuwa mimba ni ya kwanza.

Chumvi ilijaribiwa. Wanawake waliopunguziwa chumvi wakati wa ujauzito hawakupata priklampsia pungufu, na Shirika la Afya Duniani halishauri kumkatia mjamzito chumvi kwa ajili ya kuzuia ugonjwa huu. Halishauri pia kumlaza kitandani kama kinga. Vitamini C na E zilionekana kama zingesaidia, zikapewa majaribio makubwa, na lile la Uingereza lililochapishwa mwaka 2006 likaonyesha hazizuii kitu; kati ya waliozinywa, waliozaa watoto wenye uzito mdogo walikuwa wengi zaidi. Mawazo yana madhara yake mengi, lakini hayazuii chembe za kondo kuingia kwenye mishipa wiki ya 12.

Turudi kwenye swali lako la pili, kwa nini tunazalisha. Ni kwa sababu mtambo unaomwaga protini ile ni kondo, na mpaka leo hatuna njia iliyothibitika ya kuuzima ukiwa ndani. Si kwamba watu hawajajaribu. Ravi Thadhani na wenzake waliipitisha damu ya wagonjwa wachache kwenye kichujio kinachonasa sFlt-1, kwa namna inayokaribia kusafisha figo, na kiwango kikashuka na mimba zikaendelea kwa siku kadhaa zaidi. Mwaka 2018 kikundi kingine kiliwapa nyani aina ya baboon wenye mimba chembechembe za RNA zinazozuia kondo lisitengeneze protini hiyo, presha ikashuka. Cape Town walijaribu metformini, dawa tunayoijua ya kisukari, kwa wanawake 180 waliokuwa na priklampsia kabla ya wiki ya 32. Waliopewa walibaki na mimba kwa siku 17.7 kwa wastani wa kati, wasiopewa 10.1. Wiki moja si ndogo kwa mtoto wa wiki 29, ila hesabu za takwimu zilibaki mpakani na inahitaji majaribio makubwa zaidi. Esomeprazo, ya vidonda vya tumbo, kikundi hicho hicho kiliijaribu na haikurefusha chochote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwendo ni wa kobe. Dawa yoyote hapa inamezwa na wawili, na mmoja hajazaliwa. Mwaka 2018 Uholanzi ilisimamisha jaribio la sildenafili, dawa ya kupanua mishipa, kwa mimba ambazo mtoto hakuwi vizuri, baada ya watoto wa kundi lililopewa dawa kupata matatizo ya mapafu na baadhi kufa. Dawa ilionekana ya mantiki kabisa kwenye karatasi.

Pamoja na hayo, usiondoke ukidhani tiba ni kisu tu. Kuna magnesiamu salfeti, na hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote katika fani yetu. Ni chumvi ya bei rahisi, si ile ya chakula, iliyotumika kwa miongo mingi huku madaktari wakigombana kama inasaidia, wengine wakipendelea dawa nyingine za degedege, diazepamu au fenitoini. Mwaka 1995 jaribio lililofanyika katika nchi zinazoendelea kwa wanawake waliokwishapata degedege lilimaliza ugomvi: magnesiamu ilipunguza degedege kurudia kwa asilimia 52 ikilinganishwa na diazepamu, na asilimia 67 ikilinganishwa na fenitoini. Mwaka 2002 jaribio la Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, likaonyesha kwamba ukimpa mwenye priklampsia kabla ya degedege, unapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu: asilimia 0.8 dhidi ya 1.9.

Ukikaa karibu na kitanda cha mgonjwa anayepewa dawa hii utamwona muuguzi akirudi na kinyundo kidogo, akimgonga chini ya goti. Mguu ukiruka, vizuri. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, zisipungue 16. Anaangalia mfuko wa mkojo, zipatikane walau mililita 30 kwa saa, kwa sababu magnesiamu hutoka kwa njia ya figo na figo zikigoma inajazana. Goti lisiporuka, dozi inayofuata haitolewi. Pembeni kunakuwa na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuikata ikizidi. Hivyo ndivyo inavyotolewa kwa usalama, kwa macho na kinyundo, bila mashine ya maana. Magnesiamu haitibu presha, watu huchanganya hapo. Presha ina dawa zake: nifedipini, labetaloli, hidralazini na methildopa. Na kama mtoto hajafika wiki 34, mama huchomwa deksamethasoni au betamethasoni kukomaza mapafu ya mtoto, iwapo hali inaruhusu kusubiri saa hizo.

Baada ya wiki ya 37 hakuna faida ya kungoja, tunaanzisha uchungu. Kati ya wiki ya 34 na 37 ni kupima hasara na faida, na jaribio la PHOENIX la mwaka 2019 lilionyesha kuwa kuzalisha mapema katika kipindi hicho humpunguzia mama madhara, huku watoto wengi zaidi wakilazwa kitengo cha watoto wachanga. Kabla ya wiki 34 tunasubiri tukiweza, hospitalini, kila siku ikihesabiwa. Kwa mdogo wako naamini haikuwezekana.

Sasa mimba ijayo. Katika kumbukumbu za Sweden, aliyewahi kupata priklampsia katika mimba ya kwanza ana uwezekano wa karibu asilimia 15 kuipata tena. Aliyeipata mapema kama mdogo wako yuko juu ya wastani huo. Maana yake bado wengi hawairudii, na inaporudi mara nyingi huja wiki za mbele zaidi. Si sababu ya kukata tamaa, ni sababu ya kujipanga.

Kinga iliyothibitika ni aspirini ya dozi ndogo. Ilianza vibaya. Jaribio la CLASP la mwaka 1994, wanawake 9,364 wakinywa miligramu 60, lilitoa matokeo hafifu, na wengi wakaitupa dawa. Ukisoma vizuri utaona waliruhusiwa kuanza popote kati ya wiki ya 12 na 32. Kuanza wiki ya 28 ni kuchelewa, kwani mishipa imeshaamuliwa. Jaribio la ASPRE, mwaka 2017, liliwachagua kwa vipimo wanawake walio hatarini, likawaanzishia miligramu 150 kila usiku kati ya wiki ya 11 na 14, wakaacha wiki ya 36. Priklampsia ya kabla ya wiki 37 ilikuwa asilimia 1.6 kwa waliokunywa na 4.3 kwa waliopewa kidonge bandia. Ile ya baada ya wiki 37 haikupungua, na hii inaafikiana na habari ya milango miwili. Shirika la Afya Duniani hutaja miligramu 75, nchi nyingine hutumia kati ya 75 na 150. Mwacheni daktari wake aamue. Ila asiende dukani akanunua mwenyewe. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochokozwa na aspirini au tatizo la kutokwa damu anaweza kuumia.

Ya pili ni kalsiamu, kwa wanaopata kalsiamu kidogo kwenye chakula. Ushauri wa miaka mingi ulikuwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, vidonge vikubwa ambavyo wajawazito wengi huviacha droo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili, India na Tanzania, wajawazito 11,000 kila nchi, yakalinganisha miligramu 500 na 1,500. Kwa kuzuia priklampsia dozi ndogo haikuwa duni. Kwa maoni yangu hii ni habari kubwa kuliko nusu ya yale yanayotangazwa kama uvumbuzi, kwa sababu kidonge kimoja kwa siku watu watakinywa.

Kabla hajashika mimba apimwe presha, sukari, figo na mkojo. Kwa kuwa alizalishwa kabla ya wiki 34, aulizie pia kipimo cha kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazofanya damu igande ovyo. Zikiwepo, matibabu ya mimba ijayo hubadilika kabisa. Kama presha haikushuka na anatumia enalapril, captopril au losartan, zibadilishwe, maana zinamdhuru mtoto tumboni. Kwa wenye presha ya kudumu, jaribio la CHAP la mwaka 2022 lilionyesha kwamba kuitibu kuanzia 140/90 badala ya kuiachia hadi ikaribie 160 hupunguza priklampsia kali bila kumdumaza mtoto.

Akishapata mimba, awe na kipimo cha presha nyumbani kikipatikana, kile cha mkono wa juu, si cha kifundo. Akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umelala usawa wa moyo. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene kitasoma presha ya juu ya uongo. Aandike namba na tarehe. Kipimo cha damu cha sFlt-1 na PlGF nacho kinapatikana katika hospitali kadhaa duniani. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mtu mwenye wasiwasi wa priklampsia, uwiano wa protini hizo ukiwa 38 au chini, karibu kwa hakika hataipata ndani ya wiki moja. Marekani iliruhusu kipimo cha namna hii mwaka 2023. Hakizuii ugonjwa, ila kinamrudisha nyumbani asiyestahili kulazwa na kumbakiza anayestahili.

Asisubiri siku ya kliniki akipata kichwa kisichotulia kwa paracetamol, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, au mtoto kupunguza kucheza. Na hii inaendelea baada ya kujifungua. Kifafa cha mimba hutokea pia siku za kwanza baada ya uzazi, wakati mwingine hata baada ya wiki kadhaa, wakati nyumba nzima macho yako kwa mtoto.

Kuna jambo moja hukuuliza. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba aliyepitia priklampsia ana uwezekano wa karibu mara nne wa kuwa na presha ya kudumu baadaye, na karibu mara mbili wa ugonjwa wa moyo au kiharusi. Hata akiamua kutozaa tena, apime presha kila mwaka, na popote atakapotibiwa ataje kwamba aliwahi kuwa na ugonjwa huu. Muombe hospitali alikojifungulia wamwandikie muhtasari: wiki aliyoanza kuugua, presha ya juu kabisa, majibu ya ini, figo na chembe sahani, dawa alizopewa, uzito wa mtoto na hali ya kondo kama ilichunguzwa. Karatasi hiyo aende nayo kwa daktari kabla hajaacha uzazi wa mpango.